Zege halilali: kwa mwalimu wa usanifu majengo mwenye ofisi yake

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi wa usanifu majengo Dar es Salaam, huu ni mwaka wangu wa nne. Nina ofisi ndogo Sinza: mimi, mhitimu mmoja mwenye miaka mitatu kazini, na kijana mchoraji. Jumatatu na Alhamisi mchana nina studio ya mwaka wa tatu yenye wanafunzi 32, na Jumanne asubuhi nina somo la darasani. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye juri, kikao cha wanafunzi kueleza kazi zao mbele ya walimu, simu nimeizima sauti. Fundi wa nyumba ninayoisimamia Goba, kazi niliyoichukua kwa shilingi milioni 2 kuchora na kusimamia, alipiga mara nne. Nilipotoka nikakuta lenta ya baraza, boriti ya zege inayopita juu ya uwazi wake, imeshamwagwa zege, ndani yake nondo za milimita 10 badala ya 12 zilizo kwenye mchoro. Mteja ananilaumu, wanafunzi wanasema naangalia saa wakati wakieleza kazi zao, na mkuu wa idara anauliza nitaanza lini shahada ya uzamivu. Niache kufundisha, au nifunge ofisi?

JIBU: Kabla sijagusa swali lenyewe, Mwalimu, mirunda iliyoshikilia lenta hiyo isitolewe. Kama fundi ameshaanza kuitoa, mpigie leo airudishe. Nondo moja ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113, na ya milimita 10 ina 78.5. Lenta yako imepungukiwa karibu theluthi ya chuma ulichokichora, na juu yake zinakuja kozi za tofali na ncha za kenchi. Huenda uwazi wa baraza ni mdogo na mhandisi akasema inatosha. Huenda akataka nguzo iongezwe katikati, au lenta yote ivunjwe. Wewe na mimi hatuwezi kuliamua hilo kwa macho, na mteja aliyekasirika ndiyo kabisa asiachiwe. Mwite mhandisi wa miundo akague na kuandika, kisha wewe utoe maelekezo kwa fundi kwa maandishi. Mji wetu umeshazika watu kwa sababu ya majengo. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 liliua zaidi ya watu 30, na Novemba 2024 tukarudi kwenye msiba wa aina ile ile Kariakoo. Lenta ya baraza si ghorofa, lakini jina lililo kwenye mchoro ni lako na usajili wa AQRB, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, ni wako, hata kama saa ile ulikuwa darasani.

Sasa swali. Usiache kufundisha, na ofisi usiifunge. Nasema hivyo baada ya miaka 26 ya kufanya vyote viwili, na katika miaka hiyo kila kimoja nimewahi kutamani kukiacha. Barua yako nimeisoma mara tatu, na naona tatizo lako unaliita kwa jina ambalo si lake. Unadhani umekosa muda. Hesabu: studio mbili na somo moja, pamoja na maandalizi, zinakula kama siku tatu za wiki. Nyumba ya Goba haihitaji siku zote zinazobaki. Kilichokosekana saa ile ni mtu wa pili mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni." Mhitimu wako alikuwa wapi fundi alipokuwa anapiga? Nadhani alikuwa mezani kwake Sinza, angeweza kupanda bodaboda akafika Goba kabla mashine haijaanza kuzunguka. Na nadhani fundi hakumpigia kwa sababu alishazoea kwamba ukimpigia huyo anajibu, "Ngoja nimuulize bosi."

Hili nalijua kwa sababu liliwahi kunipata. Miaka mingi iliyopita ofisi yangu ilichora zahanati ya kijiji kimoja mkoani Morogoro. Nilikuwa nimechora upenu wa sentimita 90, maana kuta zilikuwa za tofali za kuchoma zenye plasta nyembamba, na mvua za pale huja na upepo. Zilikuwa wiki za mitihani. Msaidizi wangu alikwenda saiti akakuta kenchi zimekatwa fupi ili kuokoa bati, upenu umebaki sentimita 40. Aliona. Alipima, akapiga picha, akaandika ukurasa mzima na mchoro safi pembeni, akauweka mezani kwangu. Karatasi ile ilikaa siku tisa chini ya vijitabu vya majibu ya wanafunzi. Nilipoisoma, bati lilikuwa limeshapigwa misumari. Masika ya kwanza plasta ya upande unaopigwa na mvua ikaanza kumomonyoka kutoka chini, na kwa miaka mingi kila nilipopita njia ile niliutazama ukuta ule. Msaidizi hakuwa na kosa hata kidogo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha darasani jinsi ya kuona, kisha nikamwajiri bila kumpa ruhusa ya kusema. Mwaka uliofuata aliondoka. Aliniambia kwa heshima kwamba amechoka kubeba ujumbe.

Kwa hiyo wiki hii kaa na mhitimu wako muandike pamoja ukurasa mmoja. Juu kabisa liwekwe hili: kusimamisha kazi hakuhitaji ruhusa yako, kuendelea ndiko kunakohitaji. Akikuta tofali zinamomonyoka mkononi, nondo si za kwenye mchoro, ringi zinazofunga nondo zimeachana kupita kiasi, au shimo la msingi limefika kwenye udongo ambao hamkuutarajia, asimamishe, aandike, ndipo akutafute. Chini yake andikeni mambo anayoyamaliza mwenyewe bila kukupigia: swichi kusogezwa, mlango kufungukia upande wa pili, kimo cha dirisha la choo. Kisha yale ambayo lazima akupate kwa simu, nayo ni yote yanayomwongezea mteja gharama. Mwisho yale asiyoyagusa kabisa: kubadili muundo, kusaini cheti cha malipo, kumwahidi mteja tarehe. Mteja na fundi wapewe ukurasa huo wakiwa wamekaa pamoja, na wewe mwenyewe useme mbele yao kwamba neno la huyu saiti ni neno lako. Pasipo kikao hicho, karatasi haitakuwa na nguvu.

Atakosea. Siku moja atasimamisha kazi bure na vibarua watalipwa kwa kukaa. Lipa, na usimpinge mbele ya mafundi. Msahihishe ofisini kama unavyomsahihisha mwanafunzi mzuri: muulize aliona nini, alihofia nini, na angeweza kuhakikisha vipi kabla ya kuamua. Kazi hiyo unaifanya kila Jumatatu kwa watu 32, nawe unaijua. Nashangaa jinsi sisi walimu tunavyokuwa na subira kubwa chuoni, kisha tukifika ofisini tunamnyang'anya kijana kalamu ya mkononi.

Mafundi husema zege halilali, na wanamaanisha hivyo. Saruji ikishakutana na maji haimngoji mtu, mashine ya kuchanganyia imekodiwa kwa siku, vibarua wanategemea malipo ya jioni. Fundi wako alipopiga mara ya kwanza, pengine mchanga na kokoto vilikuwa vimeshapimwa. Na uliza nani alinunua nondo zile. Nyumba nyingi hapa kwetu mteja hununua vifaa mwenyewe, fundi analipwa ufundi tu, na anafunga kile alicholetewa. Kinga ya hili ni kuuondoa ukaguzi kwenye siku ya zege na kuuweka kabla yake. Zege lisimwagwe mpaka nondo zimekaguliwa zikiwa wazi, na ofisi yako ipewe taarifa saa 48 kabla. Liandike kwenye mkataba wako na mteja, liandike pia kwenye daftari la saiti lenye kurasa za nakala, fundi asaini na mkaguzi asaini. Jumatano nzima na Jumamosi asubuhi ziwe siku za saiti, kila mtu azijue. Kwa simu unapatikana saa sita hadi saa saba mchana, hata siku ya studio, na tena baada ya saa kumi na moja jioni. Saa nyingine anapigiwa mhitimu. Mafundi huzoea utaratibu wa namna hii upesi, maana hata wao hawapendi kupiga simu isiyopokelewa.

Kuna kitu kingine ambacho sikuambiwa na mtu nilipoanza, nikakigundua baada ya miaka mingi: kalenda ya chuo na kalenda ya mvua zinaweza kusaidiana. Vyuo vyetu hufunguliwa Oktoba au Novemba, muhula wa pili huanza kama Machi, na likizo ndefu huja baada ya Julai. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo saiti za Dar hupoa zenyewe: mashimo yanajaa maji, lori la mchanga linakwama Goba, mteja mwenyewe anasema tusubiri. Huo ndio wakati wa kubeba studio nzito. Muombe mkuu wa idara akupe mzigo mkubwa muhula wa pili na mwepesi zaidi muhula wa kwanza, umweleze sababu waziwazi. Misingi ichimbwe kuanzia Julai, kuta na lenta zipande Agosti hadi Oktoba, na kupaua kukiwezekana kumalizike kabla vuli haijakolea. Haitakuwa hivyo kila mara, kwa sababu wateja wengi hujenga kadiri fedha inavyopatikana. Lakini hata ukifanikiwa kwa nyumba mbili kati ya tatu, utakuwa umejipunguzia mengi. Na tarehe za juri zinajulikana tangu wiki ya kwanza ya muhula: zibandike ofisini na uzipeleke saiti. Siku ya juri, hakuna zege.

Juu ya kuangalia saa mbele ya wanafunzi nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni hesabu tu. Wanafunzi 32 kwa dakika 15 kila mmoja ni saa nane. Mchana wako una saa nne, labda tano. Hata usingekuwa na ofisi ungeangalia saa. Wapange makundi ya wanne wanne, kila kundi dakika 35, michoro ya wote wanne ikiwa mezani kwa pamoja. Makundi manane ni saa nne na dakika 40. Mwanafunzi atasikia makosa ya wenzake watatu pamoja na yake, na wewe hutarudia maneno yale yale kuhusu ngazi mara 32. Wanaohitaji kukuona peke yao watajulikana, nao hawatazidi watano.

Sasa nije kwenye sababu ya kutokuacha, kwa sababu ndiyo niliyoipenda kazi hii kwayo. Nilipokuwa kijana nilipewa kukarabati nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Zanzibar. Mwenye nyumba alitaka ukuta mmoja wa ndani uondolewe apate sebule pana. Darasani nilishafundishwa kwamba vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita 3. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama. Lakini niliposimama chini ya dari ile, na chokaa nzito juu ya boriti zilizoanza kuliwa na mchwa penye unyevu, nikaelewa kwamba ukuta ule ulikuwa umepangwa na mti. Hatukuuondoa. Miaka kadhaa baadaye niliwapa wanafunzi zoezi la nyumba ya familia ambayo hakuna kitu cha kuvuka uwazi isipokuwa boriti ya mita 3. Hawakupewa zege wala chuma. Wiki ya kwanza walilalamika. Wiki ya tatu wakaanza kuona wenyewe kwa nini nyumba zile zina ua wa wazi katikati, hewa inapitia wapi, na kwa nini daka, kile kibaraza cha mlangoni, halimwonyeshi mgeni ndani. Zoezi lile nisingelibuni kama nisingesimama chini ya dari ile.

Na darasa nalo huipa ofisi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, mbele ya wenzake, kwa nini michoro yangu yote ina jiko la ndani tu wakati nyumbani kwao, na kwa jirani zao wote, chakula cha siku kinapikwa uwani kwa mkaa. Sikuwa na jibu. Tangu siku ile hakuna nyumba iliyotoka ofisini kwangu bila mahali pa kupikia nje penye paa, sinki, na ukuta wa kukinga upepo. Wateja wanafurahi kuliko wanavyofurahia sebule. Mteja hakuulizi swali kama lile, kwa sababu anadhani mtaalamu anajua.

Wapo waliobeba mizigo hii miwili kwa ukubwa wa dunia, na hadithi zao mbili zinakutana. Louis Kahn, msanifu majengo wa Marekani, alifundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania tangu 1957 mpaka alipokufa, huku ofisi yake Philadelphia ikichora majengo ya Marekani, India na Bangladesh. Machi 1974 alifia kwenye stesheni ya treni New York, akiwa njiani kurudi kutoka Ahmedabad, India, na ofisi ikabaki na madeni makubwa. Jengo la Bunge la Dhaka lilikamilika miaka mingi baada yake. Na huko Ahmedabad alikokuwa ametoka alikuwapo msanifu majengo Balkrishna Doshi, aliyeshirikiana naye katika chuo cha menejimenti kilichojengwa pale. Doshi naye alikuwa na ofisi tangu miaka ya 1950, akaanzisha shule ya usanifu majengo mwaka 1962, na mwaka 1978 akaunda taasisi ya utafiti kando ya ofisi. Alipata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, 2018 na akaishi hadi miaka 95. Wote wawili walikuwa walimu wakubwa, na siwezi kusema ni yupi aliyeacha majengo bora. Ninachokiona ni kwamba Doshi alijenga vyombo ambavyo watu wengine wangeweza kuvishika pamoja naye: shule, ofisi, taasisi, kila kimoja na watu wake. Kahn alikuwa ndiye ofisi na ndiye darasa. Mwalimu, ukiwa na watu watatu Sinza, tayari unachagua kati ya namna hizo mbili.

Taasisi ile ya Doshi ndiyo iliyobeba utafiti wa makazi ya Aranya kule Indore, yaliyopata tuzo ya usanifu majengo ya Aga Khan 1995: viwanja vidogo vilivyopimwa, barabara, maji, msingi na choo, kisha familia zinajenga zenyewe kadiri ya uwezo, zikiwa na nyumba 80 za mfano. Nakutajia hili kwa sababu ya mahali ulipo. Sinza yenyewe ilianza kama mradi wa viwanja na huduma miaka ya 1970. Ukitoka ofisini kwako ukatembea mtaa mmoja, unaona miaka 50 ya majibu ya watu: nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, uwani palipogeuzwa vyumba vya kupanga, mbele fremu za maduka, na sasa ghorofa. Wape wanafunzi wako wapime nyumba kumi pale, kwa idhini ya wenyewe, waonyeshe nini kimebaki cha uwani na nani anakitumia. Ofisi yako itajifunza, darasa litajifunza, na hutakuwa umemtumikisha mtu.

Hapo pana mpaka, na naomba uushike kwa nguvu. Peleka darasani maswali ya ofisi, usipeleke kazi ya mteja. Mradi unaolipwa usiwe zoezi la studio, kwa sababu mawazo ya kijana wa miaka 22 ni mali yake, naye hawezi kukukatalia ukimwomba, maana kalamu ya alama iko mkononi mwako. Anayekuja kwako kwa mafunzo ya vitendo aje wakati wa mafunzo, alipwe hata kama ni kidogo, na kazi yake akirudi chuoni isahihishwe na mwalimu mwingine. Kompyuta ya chuo na mashine ya kuchapia ya chuo zisiguse michoro ya mteja. Na kama hujawahi kuomba ruhusa ya maandishi ya mwajiri kufanya kazi za nje, omba sasa, kabla ya nyumba inayofuata. Vyuo vingi vina kanuni za kazi za ushauri. Ukiisoma kanuni ya chuo chako huenda ukakuta inakuruhusu zaidi ya ulivyodhani.

Nimeliacha la fedha hadi hapa, lakini barua yako ililionyesha mapema: shilingi milioni 2, kuchora na kusimamia. Tufanye hesabu pamoja kwa makadirio yangu. Mchoraji saa 120. Wewe saa 60 kwa michoro na vikao na mteja. Safari 14 za Goba, kila moja saa nne pamoja na foleni, ni saa 56. Jumla saa 236. Haifiki shilingi 8,500 kwa saa, na hapo hujachapa michoro, hujaweka mafuta, hujalipa pango. Nani analipa tofauti? Mshahara wako wa chuo. Mwalimu, umekuwa ukimjengea mteja wa Goba nyumba kwa mshahara wa ualimu, na kwa sababu hiyo huwezi kumlipa mhitimu wako kiasi cha kumfanya abaki na kubeba mamlaka ninayokuambia umpe. Yote yamefungana. Na kuna watu wengine wanaoumia kimyakimya. Vijana uliowafundisha mwenyewe, waliofungua vyumba vyao vya kuchorea Mbezi na Tabata, hawana mshahara mwingine. Mteja anawaambia, "Mwalimu wenu ananifanyia kwa milioni 2." Tangu nilipolisikia neno hilo likisemwa juu yangu, nilitenga akaunti ya ofisi na akaunti ya mshahara, na nikaanza kutoza kana kwamba mshahara haupo. Nilipoteza wateja wanne mwaka ule. Waliobaki walitosha kumlipa msaidizi wa pili.

Mkataba unaofuata utaje idadi ya safari za saiti zilizomo kwenye ada, na bei ya kila safari ya ziada. Mteja akiona bei hiyo ndipo atakapoelewa kwamba usimamizi ni kazi.

Shahada ya uzamivu: utaihitaji, kwa sababu ngazi ya mhadhiri haipatikani bila hiyo, na mkuu wako anakuuliza kwa faida yako. Lakini hili la tatu ndilo linalovunja watu. Usilianze mwaka huu. Lianze baada ya mhitimu wako kuendesha ofisi msimu mmoja mzima wa kiangazi kwa ukurasa mliouandika, na mwaka utakapolianza ofisi isipokee kazi mpya zaidi ya moja. Mada usiitafute mbali. Zile nyumba za Sinza, zikipimwa kumi mpya kila mwaka na kila darasa jipya, baada ya miaka mitatu zitakuwa 30, na hakuna atakayekuwa na michoro hiyo isipokuwa wewe.

Limebaki jambo moja. Mhandisi akishapanga siku ya kukagua lenta, jaribu iwe siku ya studio, na kwa idhini ya mteja wachukue wanafunzi. Wote 32 hawataingia kwenye daladala moja, nenda na makundi mawili, wengine wataenda safari ijayo. Waambie ukweli wote, pamoja na simu uliyoizima sauti. Wamuone mhandisi akipima, wausikie uamuzi wake hata ukiwa wa kuvunja. Kisha mpe nafasi fundi awaeleze kwa maneno yake jinsi siku ile ilivyokwenda: nondo zilifika saa ngapi, nani alizileta, mashine ilikuwa ya nani. Alipiga simu mara nne, Mwalimu. Mwombe radhi pale pale, wanafunzi wakisikia.